Kitambaa cha Damu ya Mzee

Wifi yangu ni fundi wa nguo za shule. Kwa miaka kumi na tisa ameshona sketi na kaptura za shule ileile ninayofundisha, zote rangi ya damu ya mzee, na rangi hiyo imeingia kila pembe ya nyumba yetu. Nyuzi zake ziko kwenye mkeka, vumbi lake liko juu ya meza, vipande vyake vimejaa mifuko mpaka ndani ya kabati la vyombo. Hukaa barazani na cherehani yake ya miguu, pini tatu mdomoni, na huzungumza na pini hizo zikiwa humo humo. Watu humcheka kwa jambo moja: hawezi kuvumilia ukingo usiopindwa. Taulo likichanika analipinda. Pazia, tambara la kudekia, hata mfuko wa kuwekea vibanio vya nguo. Kaka yangu, aliyemuoa, alikuwa akisema anaogopa kuchelewa kuamka, asije akaamka amepindwa masikio.

Kaka alifariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa wa kifua. Tukabaki watatu katika nyumba ya mama: mama, mimi na wifi. Hospitali walimpima wifi mara mbili, na mara zote mbili majibu yakaja kwamba ni mzima. Nilizisoma karatasi hizo mwenyewe, maana mimi ni mwalimu wa biolojia na ndimi niliyetakiwa kumweleza mama. Nilimweleza. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatafuta kikombe cha bati cha kijani, rangi imebanduka kwenye mdomo, akapigilia msumari kando ya bomba la uani na kukitundika pale. Hicho kikawa kikombe cha wifi. Sisi wawili tuliendelea kunywea vikombe vyeupe vya kaure vilivyokaa kwenye sinia. Mama hakumtukana hata siku moja. Aliacha tu kumwita mkwe. Akawa anamwita fundi, kama mtu aliyekuja kupima madirisha na ambaye baadaye atakwenda zake.

Nami ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba zamu yangu ya kuosha vyombo ilipofika, nilikisuuza kikombe kile mara mbili, tena kwa ncha za vidole.

Kuku ni wa mama. Wakati huo alikuwa na majike wanne, jogoo mmoja na vifaranga tisa wa wiki tano, jumla kumi na wanne, na aliwahesabu kila asubuhi kwa sauti. Asubuhi moja wifi alikwenda kuwamwagia pumba akarudi na kifaranga mmoja ndani ya kiganja. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umevimba kana kwamba ameficha harage shavuni. Jicho lenyewe halikuonekana. Kope zilikuwa zimegandana kwa ute wa manjano, na pembeni ute ule ulitoa vipovu kila alipohema. Alikuwa akinuka kama maji ya maua yaliyosahaulika chupani. Harufu ile ilikuwa na utamu kidogo, na utamu huo ndio ulionishinda.

Nimechora jicho ubaoni kwa miaka kumi na minane. Nina chaki za rangi maalumu kwa kazi hiyo. Lile nililitazama mara moja tu nikageukia ukutani.

Mama alisema achinjwe au atupwe mbali kabla hajawaambukiza wenzake. Wifi hakubishana. Alimfunga kwenye kitambaa akaenda naye kwa muuza dawa za mifugo, ambaye aliuliza kama wengine wanapiga chafya au wamevimba macho. Hawakuwa hivyo. Basi si mafua, akasema yule bwana. Huyu amedonolewa au amechomwa na kijiti, na jeraha limeoza ndani. Atengwe, jicho lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara tatu kwa siku, lipakwe dawa ya macho ya kwenye mrija, na apewe majani mabichi kwa wingi. Mama akakubali atengwe, ila si jikoni kwake. Hivyo kifaranga akahamia barazani, ndani ya boksi la nyuzi chini ya cherehani.

Kuanzia hapo, kila niliporudi kutoka shuleni nilikuta shughuli ileile. Wifi alimviringisha kwenye kipande cha sketi mpaka kikabaki kichwa tu, akamlaza mapajani, akaweka pamba yenye maji ya chumvi juu ya uvimbe na kuhesabu polepole mpaka mia mbili. Kisha alifuta. Pamba zilizotumika alizipanga ukingoni mwa meza ya cherehani, kando ya chaki na mkasi, zikiwa na rangi ya ute wa yai bovu. Nilimwomba azitupe. Akanijibu, pini mdomoni, kwamba anazipanga ili aone kama usaha unapungua, na kwamba hata mimi wanafunzi wangu huwa nawapanga kwa alama.

Siku ya nne aliniita. Aliniita kwa sauti ya mtu anayeita wenzake waje kuona mtoto aliyezaliwa, nami nikaenda nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amebana uvimbe kwa kucha za vidole gumba viwili. Kwanza ulitoka uzi mzito wa manjano. Kisha kikatoka kitu kigumu, kizima, ukubwa wa harage, chenye umbo la shimo lililokizaa. Wifi akakishika kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga, akakiweka juu ya kisahani cheupe cha mama.

"Tazama kilivyokaa," alisema. "Kama kifungo kilichovikwa kitambaa."

Nilifika bombani kwa bahati. Niliporudi, chai yote ikiwa imebaki kule, alikuwa amekwisha safisha shimo na analipuliza ili likauke. Lilikuwa la waridi na lenye unyevu, na chini kabisa kulikuwa na kitu cheupe kisichotazama popote.

"Hili limekufa," alisema wifi. "Si kitu. Anayo mawili."

Kisahani nilikitupa pipani. Mama alikitafuta wiki nzima, nami nikatafuta pamoja naye.

Jeraha lilipona vizuri. Kifaranga akaota manyoya, akawa na shingo ndefu yenye upara, akala mkononi mwa wifi kwa upande wa kulia tu. Cherehani ikitembea alilala; ikisimama alilia. Alijisaidia kila mahali. Sketi moja ilirudishwa na mwalimu mkuu ikiwa na doa jeupe kwenye marinda, na wifi akaniomba nimwambie ni chaki. Nilimwambia. Ninasema uongo vizuri kuliko nilivyodhani.

Lakini pale palipokuwa na jicho palibaki shimo, na shimo lina kingo. Nilimwona wifi akilitazama kila siku alivyokuwa akitazama taulo lililochanika. Alisema vumbi litaingia. Alasiri moja aliziweka kando kaptura tatu zilizokuwa zikisubiriwa, akakata kiduara cha kitambaa ukubwa wa kifungo cha koti, akakipa bitana laini kwa ndani, akakipinda pande zote kwa mkono, mishono midogo kama punje za mchanga, kisha akachana lastiki ya kiunoni ikawa nyembamba na kuizungusha nyuma ya kichwa. Kifaranga akasimama mezani na kiziba jicho cha damu ya mzee, kimekaa sawasawa, hakina uzi hata mmoja unaoning'inia.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka katika nyumba ile kwa muda mrefu. Nilimwambia wifi kwamba kimependeza, na kwamba sasa anafaa hata kuandikishwa shule.

Hapo ndipo ninapojichukia. Kila mwaka ninawafundisha watoto kwamba kuku hudonoa chekundu, na kwamba kundi likiona tone la damu kwa mwenzao haliachi. Huwa nawaandikia ubaoni na wao wananakili. Lakini sisi wawili tulikuwa tumeishi na rangi ile muda mrefu mno, haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa rangi ya nguo tu. Hatukuiona.

Jumamosi mchana, kifaranga akiwa na wiki nane, wifi alimpeleka bandani. Mama alitoa kiti chake uani akakaa kutazama. Kuku walikuwa wakila. Wifi akamshusha katikati yao taratibu, akarudi nyuma, akafunga mlango wa wavu. Wote waliacha kula. Kisha jike kubwa la hudhurungi, ambalo mama huliita Mwenyekiti, likasogea, likainamisha kichwa upande mmoja, likatazama kile kitambaa, likadonoa.

Kifaranga hakukimbia. Hakujua kukimbia kuku, alijua cherehani. Alisimama akalia, kama alivyokuwa akilia barazani miguu ya wifi inaposimama. Wakaja wote. Lastiki ilishika vizuri, maana wifi hashoni kitu cha kukatika, kwa hiyo kila walipovuta kitambaa walivuta na kichwa. Waliokuwa wakali kuliko wote walikuwa wale wanane waliototolewa naye siku moja. Walipanda juu ya mgongo wake. Damu ikatoka kwenye upara wa shingo, na waliopata damu midomoni wakaifuta kwenye manyoya yao kisha wakarudi. Nilishika wavu. Nimewahi kuona chumba cha walimu kikifanya hivyohivyo, lakini pale angalau watu hujifuta midomo kwa kitambaa.

Wifi aliingia, akamtoa, mikono yake imedonolewa. Mama hakuwa ameinuka kitini.

"Nilisema," mama alisema. "Kuku wana akili. Mgonjwa hawamtaki. Leta kisu, fundi."

Wifi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anakata lastiki kwa mkasi wake mdogo. Alimaliza kwanza. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba anaomba mpaka Jumamosi ijayo.

"Na Jumamosi akishindwa?" mama aliuliza.

"Akishindwa, mama, nitamchinja mwenyewe. Nikishamchinja nitafunga cherehani yangu niondoke."

"Hakuna aliyekushika."

Mama alilisema hilo kwa upole kabisa, alivyozoea kumwambia mtu kwamba chumvi iko mezani. Wifi akaitikia, "Najua, mama." Nilingoja mtu mwingine aseme neno. Sikuwa na mtu mwingine wa kumngoja ila mimi mwenyewe, na sikusema.

Usiku ule nilisikia droo zikifunguliwa chumbani kwake. Asubuhi nilikuta amekunja nguo za kaka kwenye sanduku, juu kabisa ameweka zile karatasi mbili za hospitali. Hakuwa akitisha mtu. Ana dada yake mahali fulani, mwenye watoto sita na chumba kimoja, na huko ndiko angekwenda na cherehani.

Alirudi kwa muuza dawa, na safari hii nilikwenda naye. Yule bwana aliposikia habari ya kile kitambaa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza mimi nafundisha nini. Nikamwambia hesabu. Alitueleza la kufanya. Vidonda vipakwe dawa ya zambarau ili wekundu usionekane. Kifaranga awekwe ndani ya tenga, na tenga liwekwe ndani ya banda, wenzake wamwone, wamsikie, wamchoke, lakini wasimfikie. Siku ya tano banda lote libadilishwe: fito za kulalia, viota, chombo cha maji, kila kitu. Giza likianza kuingia, kuku wakiwa wamekwisha panda kulala, atolewe kwenye tenga na kupandishwa katikati yao.

"Ukimwingiza mgeni kwa wenyeji, watamuua," alisema. "Wafanye wote wageni. Kesho yake hakuna atakayejua nani alikuwa na haki ya wapi."

Wifi alimweka ndani ya tenga kwa siku nne. Kuku walilizunguka, wakadonoa vijiti, wakachoka. Siku ya tatu Mwenyekiti alilala ameegemea tenga kwa upande wa nje. Siku ya tano, Ijumaa, niliporudi shuleni nilivaa nguo kuukuu nikaingia bandani pamoja na wifi.

Sina la kusifu kuhusu banda la kuku. Kinyesi kilikuwa kimeshikana sakafuni tabaka juu ya tabaka, juu kikavu, chini laini, na kila tulipoinua tabaka moja hewa ilibadilika. Ndani ya kiota kimoja tulikuta yai lililopasuka siku nyingi, jeusi. Tulipong'oa fito nikaona vumbi la kijivu likitembea juu ya mkono wangu. Lilikuwa utitiri. Nilipiga mkono ukutani, nikapiga tena, nikakaribia kulia.

"Mwalimu, tulia," wifi alisema. "Hao hawajui kama umesoma chuo."

Tulihamisha fito upande wa mlangoni, viota tukavipeleka zilikokuwa fito. Ikabaki maji. Debe la zamani lilikuwa limetoboka kwa kutu, tulipoliinua likaachia kitako. Wifi akatazama huku na huku kutafuta chombo. Nikatoka nje, nikaenda bombani, nikakitoa kile kikombe cha kijani kwenye msumari, nikarudi nacho na kipande cha waya.

Wifi alikitazama. "Hicho kikombe changu."

"Najua."

"Mimi nitanywea nini?"

Nilikuwa nakifunga kwenye wavu kwa waya, na vidole vyangu vilikuwa vichafu kiasi kwamba kwa mara ya kwanza sikuona tofauti ya kukishika. Nilikijaza maji. Kisha nikang'oa na ule msumari, maana najua mama. Ukimwachia msumari atatafuta kikombe.

Jioni kuku walipanda kwa shida, wakisukumana, kila mmoja akitafuta nafasi ambayo haikuwepo. Wifi akamtoa kifaranga kwenye tenga akampenyeza kati ya jogoo na Mwenyekiti, jicho zima likitazama nje. Mwenyekiti akanung'unika, akajikunyata, akalala.

Jumamosi asubuhi mama alikaa uani na kiti chake. Kisu kilikuwa mapajani, kimefungwa gazeti. Wifi alifungua mlango. Kuku walitoka mmoja mmoja, wakikanyaga taratibu kama watu walioingia nyumba ya ibada wamechelewa. Walikwenda mahali pa zamani pa maji, wakakuta hakuna, wakasimama. Kifaranga alitoka wa mwisho, zambarau shingoni, upande wake usioona ameuegemeza ukutani. Mwenyekiti akamdonoa mara moja mgongoni, kama anavyowadonoa wote, akapita.

Mama alikuwa akihesabu kwa mazoea. "...kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Wametimia."

Akasikia alichokisema. Akainuka, akaenda na kisu jikoni, akakatia vitunguu.

Wakati wa chai nilileta sinia lenye vikombe vitatu vyeupe. Mama akaviangalia.

"Cha fundi kiko wapi?"

"Bandani," nilisema. "Kuku wanakinywea."

"Jana usiku alinywea kipi?"

"Sijui, mama. Niliviosha pamoja, nikavichanganya."

Mama akainua kimoja, akakinusa, akakifuta mdomo kwa pindo la nguo yake, pindo ambalo wifi ndiye aliyelishona, kisha akakirudisha. Chai yake ikaota utando. Kesho yake ikaota utando tena. Mimi nilikunywa, na kila nilipokunywa ulimi wangu ulitafuta kitu kwenye ukingo wa kikombe, ukinikumbusha kwamba mimi bado ni yule aliyekisuuza kikombe cha kijani mara mbili. Wifi alikaa kwenye ncha ya kiti, ameshika kikombe kwa mikono miwili, akavuta chai kwa sauti kubwa kama kawaida yake, sauti inayoniudhi hadi leo. Siku ya tatu mama alikunywa. Alifumba macho kama anayekunywa dawa, lakini alimaliza.

Sanduku lilirudi chini ya kitanda. Cherehani haikuondoka barazani.

Kifaranga sasa ni jike kubwa. Majuzi mama alitotolesha wengine, na mmoja wao, wa kijivu, ana mguu unaoburuta. Nilikuwa barazani nikisahihisha mitihani nilipomwona akijikokota kwenda kunywa kwenye kile kikombe cha kijani. Yule wa jicho moja alitoka pembeni, akainamisha kichwa ili jicho lake zima lione vizuri, akamdonoa penye mguu mbovu. Akamdonoa tena palepale. Nilimtupia kandambili, nikamkosa.

Wifi alikuwa akicheka, pini mdomoni. "Wifi, mwache. Sasa si kashakuwa wa hapa?"

Kutoka ndani mama akaita, "Fundi, chai yako inapoa."

Wifi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kiziba jicho, ambacho siku hizi hukitumia kuwekea pini. Damu imo bado. Haionekani, kwa sababu ya rangi.